Jina la Nabintu Ndani ya Programu

Kamembe, 1 Agosti 2005

Yaya wangu Antoinette, dada yangu mkubwa, mama ya Feza,

Nakusalimu kwa mikono miwili na kwa furaha isiyotosha ndani ya bahasha hii. Feza hajambo? Meno ya nyuma yameshatoka? Sisi ni wazima. Maman anakusalimu kutoka Kadutu. Goti linamsumbua, lakini siku ya harusi alivuka mpaka kwenye daraja la Rusizi kwa miguu, amevaa kitenge kipya, na kila aliyetaka kumshika mkono alimwambia aende akashike mkono wa mama yake.

Maman Mukankusi wa shirika linalokuficha amenieleza tena utaratibu: niandike, nimpe barua, yeye aisome kwanza, kisha gari ikuletee. Nisitaje mahali popote ulipo, na nisiulize. Tangu ulipomkimbia mumeo Bahizire na mtoto mgongoni sijui unalala wapi, na nimejizoeza kutojua. Usiku nikikuombea nasema tu, "Mungu, wewe unajua ni wapi."

Sasa, Yaya, nimeolewa. Naandika neno hilo halafu naliangalia. Cirhuza wangu ni mrefu kuliko ulivyomkumbuka, au labda ni mimi ninayemwona hivyo. Asubuhi ananiletea chai kitandani, na majani yamejaa kwenye kikombe kwa sababu hajui kuchuja, nami nakunywa majani na yote. Kanisani alisahau kiapo katikati, akasema "ndiyo" mahali pasipoulizwa. Padri alicheka.

Lakini ngoja nikuambie kilichoniliza. Kwenye karamu, Munyaneza, aliyekuwa anaongoza sherehe, alimpa kipaza sauti akamwambia, "Bwana arusi, sema mbele ya bantu wote, umemupa huyu mwanamke nini isiyouzwa ku soko?" Unajua kwamba shirika lenu lilimpa kazi ya kutengeneza programu ya kompyuta, ili ofisi ya Kamembe na ya Bukavu zijue kila mama aliyehifadhiwa yuko wapi na gari iende wapi. Basi akasema: "Ndani ya programu ninayoiandika kuna neno moja. Likiwa na namba moja ndani yake, milango yote inafunguka. Lisipokuwa nayo, hakuna anayeona kitu. Neno hilo nimelipatia jina. Linaitwa Nabintu. Bila Nabintu hakuna mlango unaofunguka kwangu."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka mtoto mmoja akaamka na kulia. Nililia na kuharibu wanja wote. Yote imo kwenye kaseti ya video ya harusi, utaiona siku moja.

Halafu nilifikiri jambo jingine, nikalia mara ya pili. Programu hiyo ndiyo inayokuficha wewe. Kwa hiyo mume wangu ndiye anayekulinda, na jina langu ndiyo kufuli yako. Lala vizuri, Yaya.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo hata kufagia anafagia akiimba,
Nabintu


22 Agosti 2005

Mdogo wangu Nabintu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Feza ni mzima. Meno yametoka, na sasa anauma kila kitu, hata kidole cha mama mwenye nyumba. Huku niliko ni baridi na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Simu haishiki. Nimepata cherehani ya kuazima na ninashona sare za wanafunzi. Watu ni wema, wanazungumza polepole, na wananiita kwa jina ambalo si langu. Nimeanza kuitika bila kuchelewa.

Nimefurahi kwa ajili yako. Nataka uamini hivyo, hata kama yanayofuata yataonekana ni ya mtu asiyefurahi. Mwanaume anayekuletea chai yenye majani, mshike.

Nina maswali mawili. La kwanza ni kwa mume wako. Muulize kwa upole, akiwa ameshiba, usimwambie kwamba limetoka kwangu. Lile neno lenye jina lako, kabla mtu hajaandika chochote, lina nini ndani yake? Muulize hivyo hivyo, usiongeze.

La pili ni kwako. Kaseti ya harusi iko kwa nani?

Nimekusalimu sana. Mpe Maman salamu bila kumwambia kwamba nimeandika.

Antoinette


Kamembe, 11 Septemba 2005

Yaya wangu mpendwa,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya raha, nisamehe. Tulikwenda Muganza kumsalimu mjomba wake Cirhuza anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Tulirudi juu ya lori, weupe kwa vumbi kama mandazi yaliyonyunyiziwa unga, naye akaniambia kwamba hata uzeeni nitakuwa mzuri kwa sababu ameshaniona nikiwa na mvi. Maman ni mzima, goti ni lile lile. Anasema nimenenepa, mimi nasema ni mapenzi, yeye anasema ni ugali.

Nilimuuliza swali lako, baada ya samaki wadogo wa kukaanga, sambaza, akiwa ameshiba kabisa. Alicheka. Alisema, "Halina kitu. Liko tupu tu. Muntu akiandika neno la siri lililo sahihi, ndiyo programu inaliwekea moja." Halafu akanishika kidevu. "Liko tupu kama mimi kabla sijakuona." Unasikia maneno ya mwanaume huyo? Nikakosa hata pa kuangalia.

Na neno la siri lenyewe ni refu, Yaya, lina herufi na tarakimu zimechanganyika, hata mimi silijui. Kwa hiyo usiogope.

Kaseti iko kwa Maman, yaani ilikuwa kwa Maman. Unajua kwetu kaseti ya harusi hainyimwi muntu. Ukimnyima mtu ni kama umemfukuza karamuni. Imeshatembea kwa shangazi, kwa majirani wa Kadutu, kwa kwaya yote. Kila nyumba inarudi na sifa. Na nikuambie jambo, usikasirike. Shemeji Bahizire bado anakwenda kumsalimu Maman siku ya Jumapili baada ya misa, na kilo ya sukari mkononi. Maman anasema amekonda. Anasema hasemi vibaya juu yako hata kidogo, anauliza tu kama mtoto anakula. Aliangalia kaseti pale pale sebuleni. Maman anasema alipofika mahali Cirhuza anazungumza juu ya jina langu, aliinama, akaomba irudishwe nyuma aisikie tena, kisha tena. Maman anafikiri alikuwa anakumbuka harusi yenu. Mimi pia nilimhurumia kidogo. Je, ni vibaya kumhurumia?

Ninakukumbatia mpaka mbavu zako zilie,
Nabintu wako


25 Septemba 2005

Nabintu,

Sisalimu watu leo, utanisamehe. Sikia hadi mwisho kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba nimekasirika. Sijakasirika. Ninaandika haraka, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Bahizire hakuwahi kupiga kelele. Majirani hawakusikia kitu, ndiyo maana Maman anapokea sukari yake. Yale aliyonifanyia aliyafanya kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, redio imewashwa. Hayo sitayaandika.

Nitaandika jambo jingine. Unakumbuka duka lake la intaneti pale Nyawera, Bukavu. Siku moja alinikalisha kando yake, akafungua ukurasa wa matokeo ya wanafunzi wa shule fulani. Ukurasa uliomba neno la siri. Hakuliandika. Alikwenda juu kabisa, mahali panapoandikwa anwani, akaongeza alama ya kuuliza mwishoni, kisha neno moja, alama ya sawasawa, kisha namba moja. Ukurasa ukafunguka. Hakusoma tu. Alimshusha mtoto mmoja alama mbele yangu, akacheka, akamrudishia.

Nilimuuliza amewezaje. Aliniambia: "Programu za hivi zinaweka kila kitu ndani ya vibweta vyenye majina. Mgeni akileta kitu chenye jina la kibweta, zinakipokea na kukitia mule mule, haziulizi nani amekileta. Kama mwenye programu hakujaza kibweta chake mwenyewe kwanza, mimi ninakijaza kwa niaba yake. Shida ni kujua tu jina la kibweta." Hilo jina la pale shuleni alilitafuta wiki nyingi, kwa kubahatisha.

Nyinyi mmempa jina kwa kipaza sauti, mdogo wangu. Na kibweta, mume wako amesema, kiko tupu.

Nenda kwa Cirhuza. Nenda leo. Kisha nenda kwa Maman Mukankusi.

Nilitaka kukuambia tangu barua ya kwanza, nikaogopa kuingia katikati ya nyumba changa na maneno ya kutisha. Sasa naogopa zaidi kwa sababu nilinyamaza.

A.


Kamembe, 6 Oktoba 2005

Yaya wangu,

Naandika bila kujua gari itakufikia lini. Bwana Harelimana, dereva, alileta barua yako jana jioni. Nilisoma nikasema moyoni, dada yangu amekaa peke yake muda mrefu sana na baridi imemwingia kichwani. Nilitaka kukuonyesha kwamba umekosea. Nisingeweza kumwamsha mume wangu na kumwambia kwamba zawadi yake ya harusi ni tundu.

Leo asubuhi alipokwenda kazini nikaenda kwenye duka la intaneti la Twagirayezu, pale juu ya stendi. Mashine moja ilikuwa na mtu, nyingine ilikuwa imekufa, nikangoja ya tatu. Anwani ya programu ninaijua, Cirhuza alinionyesha siku ile ya kwanza kwa majivuno. Ukurasa ukaomba neno la siri. Nikaenda juu kama ulivyoandika. Alama ya kuuliza. Kisha nikaandika jina langu, Yaya. Herufi saba ambazo Maman alinipa. Sawasawa, moja.

Ukafunguka.

Nilikuwa nimekaa pale na kitambaa changu cha harusi kichwani, na mbele yangu kulikuwa na majina ya wanawake, na kando ya kila jina mahali anapolala. Twagirayezu alipita nyuma yangu na chupa ya chai, akaniuliza, "Maman, iko sawa?" Nikafunika kioo kwa mikono miwili kama mjinga. Nimeona mahali ulipo. Sipataji kwa jina hapa. Lakini nimeona, mimi nisiyepaswa kuona, na haikunigharimu chochote.

Si hilo lililoninyima pumzi. Chini ya jina lako kulikuwa na amri ya gari. "Tarehe 6 Oktoba. Mama na mtoto waletwe Mururu, nyumba ya mabati ya buluu karibu na njia panda." Nitakuambia ukweli: nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Nilifikiri wanakuleta karibu nami. Mururu ni hapa hapa. Nikaanza kufikiria nitakupikia nini.

Kisha nikakumbuka alama za yule mwanafunzi, jinsi Bahizire alivyozibadilisha.

Nilikimbia mpaka shirika. Maman Mukankusi alisema, "Iyo amri si yetu. Bukavu ndiyo imeiandika." Tukawapigia Bukavu. Wakasema, "Hapana, tulidhani ni nyinyi." Unajua utaratibu wao ulivyo: mtu haulizi, kwa sababu anayeuliza anajifunza, na anayejifunza anaweza kulazimishwa kusema. Kila asubuhi katibu anachapa karatasi ya gari, dereva anaichukua, anakwenda. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya usalama wenu. Harelimana alikuwa ameshaondoka alfajiri. Maman Mukankusi alikaa kwenye kiti, akavua miwani, akaivaa tena.

Cirhuza alikuja akikimbia. Alinikuta uani kwa shirika.

"Ni muntu gani ataweza kujua jina ya ndani ya programu?" akasema. "Jina haionekane inje. Haionekane hata kidogo."

"Papa," nikamwambia mume wangu, "harusi yote inaijua. Kwaya inaijua. Padri anaijua."

"Nilisema kwa mapenzi."

"Ndiyo. Na iko ku kaseti."

Alikwenda kwenye kompyuta ya ofisi, akaandika kama nilivyoandika mimi. Alipoona ukurasa unafunguka alitoa mkono kwenye meza kana kwamba imemchoma. Hakunikemea. Hakujitetea tena. Aliniambia polepole, uso umekuwa wa rangi ya majivu: "Ni kama pale darajani. Unajaza fishi yako, ile karatasi ya afisa wa mpaka: jina, umri, unakokwenda. Sasa fikiri umeongeza mustari wako mwenyewe chini: ameruhusiwa. Na afisa anasoma fishi, anaona imeandikwa ameruhusiwa, anafungua kizuizi. Mimi ndiye niliyefundisha afisa kusoma hivyo. Nilidhani mustari huo nauandika mimi peke yangu."

Ameangalia pia kumbukumbu za mashine. Kuna aliyeingia kutoka Bukavu, bila neno la siri, zaidi ya mara moja. Huyo ndiye aliyeandika amri hiyo jana.

Tunakwenda Mururu sasa hivi na askari polisi wawili. Wino huu umechafuka kwa sababu nimekaa juu ya pikapu. Yaya, usipande gari ile. Najua barua hii haiwezi kukufikia kabla yake. Naandika tu, maana nisipoandika nitapiga kelele. Usipande.

N.


Kamembe, 9 Oktoba 2005

Yaya,

Sijui naandikia wapi. Maman Mukankusi amesema niandike, atatunza barua, labda kutatokea njia. Siku tatu sasa sijapika kitu kinacholika. Cirhuza anakula bila kusema neno. Maman yuko hapa, amevuka jana, goti limevimba, analia jikoni na kusema, "Nilimupa chai. Nilimupa kiti kizuri."

Nakueleza Mururu.

Nyumba ya mabati ya buluu haina mtu, wenyewe wako Kigali. Mbele yake, juu ya jiwe la kando ya barabara, alikuwa amekaa Bahizire. Suti ya kijivu, viatu safi pamoja na matope yote yale. Mkononi ameshika viatu vidogo vya mtoto, vyekundu, vipya, vimefungwa pamoja kwa kamba. Askari walimuuliza anafanya nini hapo. Alisimama kwa heshima.

"Nasubiri mke wangu na mtoto wangu, afande. Je, iko kosa?"

Walitazamana. Halafu akaniona mimi. Alitabasamu, Yaya, kama mtu anayefurahi kweli.

"Shemeji Nabintu. Harusi yako ilikuwa nzuri sana. Niliiangalia yote."

Nilijificha nyuma ya Cirhuza. Maman Mukankusi peke yake ndiye aliyesonga mbele, akasimama kati ya Bahizire na barabara, mfupi kama alivyo, na mkoba wake kifuani.

Tukangoja. Hayo ndiyo masaa mabaya kuliko yote niliyoishi. Mvua ilinyesha ikakatika. Yeye alikuwa anapangusa viatu vile kwa kidole, tone likianguka anapangusa. Sikujua nikuombee nini. Gari ikija na nyinyi ndani, atakuona. Gari isipokuja, labda imeanguka kule kwenye barabara mbaya. Askari mmoja alianza kusema wanaweza kumwondoa tu mpaka ofisini, maana hakuna aliloshikwa nalo, na hapo tukasikia injini.

Land Cruiser ilipanda kona, matope mpaka madirishani. Bahizire alivuta koti likae sawa. Gari ikasimama. Mlango wa nyuma haukufunguka. Harelimana alishuka peke yake, amekasirika mpaka hakuona ni nani amesimama pale.

"Maman Mukankusi, mimi nafuata karatasi," akasema. "Karatasi inasema mama na mtoto. Nafika, anauliza nani ameagiza. Namwambia, ni kompyuta. Ananiangalia. Anasema, ngoja nilete blanketi ya mtoto. Nangoja. Naita. Naingia. Maharagwe iko ku moto, inachemka. Mlango ya nyuma iko wazi. Wao habako tena."

Maman Mukankusi alisema, "Asante, Mungu," kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyepewa chenji yake.

Mimi nilimwangalia Bahizire. Kwa mara ya kwanza sikumwona akitabasamu. Askari walimchukua wakamhoji mpaka jioni, wakamvusha daraja, wakamkataza kurudi. Viatu aliviweka juu ya jiwe. Hakuna aliyetaka kuvigusa. Nadhani bado viko pale.

Sasa naweza kuitaja Bweyeye, ulikokuwa umefichwa, kwa sababu hupo tena huko. Watu wa huko wanasema hawakukuona ukiondoka. Wanasema msitu uko karibu, na Burundi iko karibu, na mvua ilikuwa kali. Wanasema hayo kunituliza, nami silali.

Programu imefungwa. Cirhuza mwenyewe aliwaambia wakubwa wa shirika kosa ni lake, hakungoja kuulizwa. Wanawake wote waliokuwa mle wamehamishwa, na mahali pao papya pamo vichwani mwa watu wachache. Jana nilimwona Cirhuza ameifungua mashine nyumbani. Nilimuuliza anafanya nini wakati programu haitumiki tena. Akasema hawezi kuiacha hivyo. Alinionyesha. Ameongeza mstari mmoja tu, juu kabisa, kabla ya mingine yote. Unasema kwamba Nabintu ni sifuri.

Mstari mmoja, Yaya. Hakuchukua hata muda wa kunywa chai.

Aliniuliza kama nimeumia kuona jina langu hivyo. Nikamwambia sijawahi kupewa kitu kizuri zaidi. Tukalia wote wawili, na sikutafuta wanja.

Swali lako la kwanza, ulisema nimuulize lile neno, likiwa halijaguswa na mtu, lina nini. Sasa nina jibu, na wewe uko sijui wapi.

Nabintu


17 Desemba 2005

Mdogo wangu,

Barua hii utapewa na mwanamke anayeuza sambaza. Usimuulize kitu. Hanijui. Amepewa na mwingine, aliyepewa na mwingine. Kama uliniandikia baada ya Septemba, sikupata chochote, kwa hiyo sijui mume wako alifanya nini, wala kama mlielewana. Natumaini mlielewana.

Feza ni mzima. Alikohoa sana njiani, akapona. Mimi mguu mmoja ulikuwa na kidonda, umefunga. Hatukupita njia ambayo watu wanafikiri. Yule dereva ni mtu mwema, mwambie simlaumu, na kama maharagwe yaliungua, mwambie pole kwa sufuria. Alipotamka neno "kompyuta" nilijua. Sikuogopa tena, hilo ndilo la ajabu. Kuogopa kulikuwa kabla, nikiwa nimekaa kwenye cherehani nasikiliza kila gari. Pale nilichukua tu mtoto na kutembea.

Sitasema niko wapi. Si kwa sababu sikuamini. Mahali hapa hapajaandikwa popote, hata kwenye karatasi hii, na ndivyo nitakavyopaacha. Kwa hiyo usinijibu. Najua unavyoandika, najua tayari umeshachukua kalamu. Iweke chini.

Mambo mawili, kisha namaliza.

La kwanza ni Cirhuza. Wanawake watakuambia umwache, au umkumbushe kosa lake kila mnapogombana juu ya chumvi. Usifanye hivyo. Bahizire alijua yote kuhusu vibweta na hakuwahi kuniletea chai. Mumeo aache tu kuliweka jina lako mahali ambapo mgeni anapita. Alitumie nyumbani, anapokuita.

La pili. Siku moja, labda ni miaka, mtu atabisha kwako. Labda ni mimi, labda ni msichana mrefu mwenye meno ya mbele yaliyoachana kama ya Maman. Usifungue kwa sababu amesema yeye ni Feza. Mtu yeyote anaweza kuandika Feza. Usifungue kwa sababu amelitaja jina lako; hilo linajulikana mpaka Kadutu. Muulize tulificha nini chini ya kitanda cha Maman mwaka ule Papa alipougua, mimi na wewe, na kikaanza kunuka. Hakuna anayejua isipokuwa sisi wawili, na Feza nitamwambia sikioni akifika umri. Maman hajui mpaka leo, alidhani ni panya.

Usikiandike. Usikicheke mbele ya watu. Usikitie kwenye kaseti ya ubatizo wa mtoto wako, maana najua atakuja.

Na mumeo usimwambie. Ndiyo, hata yeye. Hata akiwa amekuletea chai, hata akiuliza kwa upole, umeshiba, amekushika kidevu.

Najua kwako ni kazi ngumu. Jaribu.

Dada yako